Risasi Kisimani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shangazi, shikamoo. Leo naanza. Daftari ulilonitumia nimelifunika kwa gazeti lisichafuke, na hapa ukurasa wa kwanza naahidi kukuandikia mambo yote kama yalivyo, bila kuongeza chumvi na bila kuficha, hata pale ambapo mmoja wetu hataonekana vizuri. Ulisema kwenye simu huambulii kitu, kwa sababu Mama ananyang'anya, Bibi anapiga kelele akidhani umbali unahitaji sauti, na mimi nabaki kusema hatujambo. Basi yote yatakuwa humu, na mvua zikikaribia kwisha Baba atakuletea kwa lori analoendesha.

Habari kubwa ni kwamba Baba mdogo anachimba kisima. Ameanza leo asubuhi uani, kati ya kamba ya kuanikia nguo na lile banda la kuku alilolijenga likabaki bila paa. Bomba la mtaani siku hizi linatoa maji likijisikia, na mvua zikianza linatoa tope. Mama alipomwona na sururu alisema tutapata nusu kisima, tuteke nusu ndoo. Unajua jina la Nusu ulimpa wewe mwenyewe, kwa uji aliokuwa anaubakiza utotoni, na limemganda. Geti letu bado lina ubawa mmoja. Ufundi wa kuchomelea vyuma aliuacha katikati. Nami nilicheka pamoja na Mama. Bibi hakucheka. Alimwuliza tu kama amevaa viatu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Amefika kiunoni. Udongo ni mwekundu. Hakuna jingine.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mvua ya kwanza, haba, ya kulaza vumbi tu. Baba mdogo haonekani tena akiwa ndani, ni sauti na koleo. Fundi cherehani anayepanga chumba chetu cha mbele alichungulia akauliza kama ni kisima au kaburi. Baba mdogo akamjibu kutoka chini kwamba ashuke na futi yake ampime, halafu wataamua. Huyu fundi ndiye tunayemwita Redio, kwa sababu cherehani yake iko dirishani na kila neno linalopita uani linatoka barabarani likiwa refu zaidi.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Maji!

Lakini nianze na jiwe, maana lilitangulia. Udongo mwekundu uliisha jana, ukaja mwamba uliooza, na leo asubuhi sururu iligonga mshipa wa jiwe jeupe, mnene kama mkono wa mtu mzima, unaokatiza ukuta wa kisima kimshazari. Ndani ya jiwe jeupe kuna vitu vya kijivu vinavyong'aa. Baba mdogo alinitumia kipande kwenye ndoo, kwa vile anajua ninapenda mawe kama wewe. Vile vya kijivu ni kama sindano zilizolazwa pamoja, nyingine ndefu kama kidole changu, zenye mistari myembamba kwa urefu. Kipande ni kizito kuliko macho yanavyotarajia. Ukucha unaacha alama juu yake, na nilipokisugua kwenye karatasi kiliandika kijivu kama penseli. Mama alisema ni wanja mtupu, akajichora kidogo mkononi. Pembeni mwa sindano kuna ganda la manjano inayoelekea kijani, kama kutu lakini si kutu.

Mchana, chini ya mshipa huo, maji yakaanza kutoka, kwanza kama jasho, halafu ya kweli. Baba mdogo alipanda kamba akiwa tope tupu, akakaa ukingoni. Mama alisema, "Haya, Nusu, leo umetuweza." Yalipotulia Bibi akachukua kikombe chake cha bati cha bluu akayanywa, kikombe kizima, kabla hatujawahi kusema yachemshwe. Alisema hawezi kungoja jiko likubaliane na maji ya mwanawe.

Kazi iliyobaki ni pete za zege. Baba mdogo ameshazimimina, zinakauka nyuma ya nyumba. Anasema zisiposhushwa kabla ya mvua kubwa, kuta zitaporomoka na kisima kitajifukia chenyewe.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Nimepeleka jiwe shuleni. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye wanafunzi wanamwita Bi Mizani lakini mimi sijawahi kumwita hivyo, alikuwa anatoka darasani na vitabu mkononi. Aliligeuza mara mbili, akalipima uzito kiganjani. "Laini, zito, rangi hii," alisema. "Huenda ni risasi. Osha mikono." Akaenda zake kwenye mkutano.

Nilirudi nimejaa furaha. Mwalimu huyu hakosei. Nilimweleza Mama uani, tukianua nguo, kwamba kisimani kwetu kuna risasi.

Jumanne, tarehe 19 Machi

Cherehani ya Redio ilinyamaza tangu jana jioni. Leo nimejua kwa nini. Muuza mkaa ameniuliza njiani kama ni kweli Baba mdogo kafukua risasi. Nikasema huenda. Akauliza ni nyingi? Nikasema ziko kwenye mshipa mzima. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akavuka barabara.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Polisi wamekuja. Wawili, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wote wameloa. Nilikuwa nimerudi shule na nikayaona yote, kwa hiyo nayaandika yote.

Baba mdogo alikuwa chini akisafisha. Yule mnene alisimama mbali na ukingo, kama mtu aliyesikia kisima kinauma, akamwamuru apande na mikono juu. Baba mdogo akamwambia kwa upole, "Afande, nikinyanyua mikono nitapandaje?" Wakashauriana. Wakamruhusu atumie mikono.

Alipofika juu wakamwuliza risasi ziko wapi. Akaonyesha ukutani, chini. Wakamwuliza ni za bunduki gani. Akasema si za bunduki, ziko ndani ya jiwe. Wakamwuliza nani kazipiga ndani ya jiwe. Bibi, aliyekuwa mlangoni, aliuliza kama watakunywa chai au wataendelea kunyeshewa wakiulizana mambo ya ajabu. Nikaleta kipande changu. Yule mwembamba alikipokea kwa vidole viwili, akakitazama, akamwambia mwenzake taratibu, "Bosi, ni madini. Risasi ile ya kwenye betri."

Walikunywa chai. Mnene alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Walipotoka, Redio alikuwa dirishani, na mwembamba akamweleza kwa sauti, ili mtaa utulie, kwamba hakuna silaha hapa, ni risasi ya madini tu, ile yenye sumu.

Alidhani anatusaidia.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Neno moja limetuchoma mara mbili. Jana tulikuwa na silaha, leo tuna sumu. Majirani waliokuwa wameomba kuchota mvua zikinyesha, leo wanapita na ndoo zao kwenda bombani kwenye tope, wanatusalimu wakiangalia chini.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Bwana afya amekuja na mwavuli na viatu vya mpira. Si mtu mbaya. Aliuliza nani kasema ni risasi, nikataja mwalimu, naye akainamisha kichwa kwa heshima: mwalimu wa kemia, basi. Amesema mtu asiteke na asishuke mpaka ijulikane. Amefunga mdomo wa kisima kwa mbao na msumari. Baba mdogo alimweleza habari ya pete na mvua. Bwana afya akasema anaelewa, lakini hawezi kuruhusu mtu ashuke kwenye sumu ili kuokoa shimo.



Jumapili, tarehe 24 Machi

Leo ndiyo siku mbaya kupita zote.

Asubuhi nilimpelekea Bibi chai. Akapiga miayo, nikaona ulimi wake. Ulikuwa mweusi, Shangazi. Si mwekundu uliokolea, si wa kahawia, mweusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni, kuanzia katikati mpaka nyuma. Nikamwita Mama. Mama akaweka mkono mdomoni. Bibi akasema tuache kumkodolea, ulimi ni wake. Akaomba kioo, akajitazama kwa muda, akakilaza juu ya kitanda kikiwa kimegeuka.

Mama alimwuliza kama amekunywa maji ya kisima tangu siku ile. Akasema ndiyo, kila asubuhi, mpaka kilipofungwa. Kwa nini? Kwa sababu kilikuwa hapo.

Baba mdogo alisimama mlangoni akayasikia. Hakuingia. Nilimwona kwenye dirisha akienda nyuma ya nyumba, na baadaye nikasikia nyundo. Nilidhani anarekebisha banda la kuku. Alikuwa anavunja pete moja ya zege. Mama alimkimbilia akamshika mkono, na yeye akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, mara hii sikuacha nusu. Mara hii nimemaliza kabisa."

Mama, ambaye ndiye aliyemcheka zaidi ya wote, alikaa naye pale kwenye mvua.

Zahanati wamempima Bibi, wakasema shinikizo la damu ni zuri kama la kijana, ulimi hawajui, turudi akizidiwa. Bibi amekataza usiambiwe kwa simu. Anasema utaacha kazi yako ya maabara uje bure, na ukija utaanza kupanga vyombo vyake upya.

Jumanne, tarehe 26 Machi

Mvua usiku na mchana.

Jumatano, tarehe 27 Machi

Mvua. Kipande cha ukuta wa kisima, upande wa banda, kimeanguka. Tulisikia mlio wake majini, kama mtu kajitupa. Ulimi wa Bibi bado.

Mwalimu wangu anajua yote haya, shule nzima inajua, na hajaniuliza chochote. Leo amefundisha chumvi na asidi kana kwamba mimi ni dawati. Naandika ukweli kama nilivyoahidi: nimeanza kumchukia.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Nayafuta ya jana, lakini sitayakata kwa kalamu, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Baada ya vipindi nilibaki. Nikamwuliza kama ana hakika ni risasi. Niliuliza nikitazama sakafu. Akasema, "Nilisema huenda." Halafu akavuta kiti, akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, goti likagonga. Alisema kwamba tangu polisi waje kwetu amekuwa akitafuta namna ya kuniita na hakuipata, kwa kuwa mwalimu akisema 'huenda', barabarani watu wanasikia 'ndiyo', na yeye alipaswa kujua hilo. Akaniomba nimletee jiwe tena. "Safari hii tulipime," alisema. "Kwanza tulipaswa kulipima."

Nilimwambia ninalo mfukoni. Huwa ninalo mfukoni.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Maabara yetu, kama unavyoikumbuka kwenye picha niliyokutumia, ina kabati moja na sinki lisilo na maji. Mwalimu alifunga mlango, akatoa kitabu kikubwa cha madini, na tukafanya kazi mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Kwanza umbo. Mwalimu anasema jiwe la risasi, lile la kawaida, huvunjika kwa vijisanduku, hata punje ndogo kabisa ina pembe za mraba na ngazi ngazi. Letu halina sanduku hata moja. Ni sindano, na tulipoipasua kwa wembe ilipasuka kwa urefu tu, tena ilijipinda kidogo kabla ya kukatika.

Pili moto. Alishika kibanzi chembamba kwa koleo ndogo akakiweka ukingoni mwa mwali wa mshumaa. Kikayeyuka! Mshumaa tu, Shangazi. Mwalimu akasema basi ni ndugu wawili waliobaki, wanaofanana kama mapacha: jiwe la antimoni, ambalo si la ajabu sana, na jiwe la bismuthi, ambalo ni adimu. Yote mawili ni metali iliyoshikana na salfa. Yote ni sindano za kijivu, yote laini, yote huyeyuka kwa mshumaa. Kinachoyatenganisha ni uzito.

Kwa hiyo tatu, uzito. Nilichagua kipande kisicho na jiwe jeupe hata kidogo, au karibu kisicho nalo. Tulikining'iniza kwa uzi kwenye mizani ya springi: gramu thelathini na tatu. Tukakizamisha kwenye glasi ya maji kikiwa bado kinaning'inia: ishirini na nane. Tukarudia, ikatoka vilevile. Ukigawa thelathini na tatu kwa tano iliyopotea majini unapata sita na pointi sita. Kitabu kinasema la antimoni ni nne na pointi sita, la bismuthi sita na pointi nane. Kidogo kilichopungua, mwalimu anasema, ni jiwe jeupe lililong'ang'ania, au ni mizani ya shule.

Kitabu kinaliita bismuthinaiti. Kinasema hukaa kwenye mishipa ya jiwe jeupe, karibu na matale, yaani miamba ya graniti, na likikaa hewani na majini hujivika ganda la manjano na kijani. Ganda letu! Nilisoma mstari huo kwa sauti. Halafu kinasema hupatikana pamoja na bati na wakati mwingine dhahabu. Nilimwomba mwalimu neno hilo la mwisho tusilipeleke uani kwetu kabisa. Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Lakini aliacha kucheka nilipomwuliza kama bismuthi inafanya ulimi mweusi. Alisema hajui. Alisema neno hilo waziwazi, sijui, na nikamheshimu kuliko siku zote alizojua.

Jumatano, tarehe 3 Aprili

Mvua. Ukuta umepungua tena. Baba mdogo amemimina pete nyingine badala ya aliyoivunja. Hakuna aliyemwambia.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Nilikuwa natandika kitanda cha Bibi. Nilipogeuza mto nikasikia harufu ya mnanaa na kitu kikagonga ukuta. Chupa. Dawa ya tumbo, ya maji, nzito, ya pinki, imebaki kidogo chini. Bibi aliingia akanikuta nayo.

Aliniambia nifunge mlango. Daktari alimkataza pilipili tangu mwaka jana, unakumbuka, na Mama amezificha. Redio humwuzia kwa siri kupitia dirishani, zilizofungwa kwenye kitambaa. Tumbo likiwaka Bibi hunywa kifuniko cha dawa, na chupa ikionekana kesi ya pilipili itajulikana. Kwa hiyo chini ya mto. Niliuliza ameanza lini kunywa hii ya pinki. Wiki ile ya polisi, akasema, maana wasiwasi nao huongeza moto.

Nikasoma karatasi ya chupa. Herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Neno la kwanza chini ya "viambato" lilikuwa bismuthi.

Nilikaa kitandani. Bibi akadhani nimeumwa. Nikasoma zaidi, na pale mwisho kabisa, baada ya mambo ya watoto na wajawazito, kimeandikwa: ulimi waweza kugeuka mweusi kwa muda, hakuna madhara.

"Bibi," nilisema, "ulikuwa unadhani unakufa?"

Alikunja shuka kwanza. Halafu akasema, "Nilidhani hivyo. Lakini ningesema ni maji, ningemwua mwanangu."

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Mwalimu ameisoma chupa mara mbili, akapiga meza kwa kiganja. Anaeleza hivi: mdomoni mwa kila mtu, kwenye mate, kuna salfa kidogo kidogo. Bismuthi ya dawa ikikutana nayo, zinashikana, zinakuwa unga mweusi. Na bismuthi iliyoshikana na salfa ni nini? Ni jiwe letu lenyewe. Kile kilichotengenezwa ardhini kwa joto na muda ambao siwezi kuuandika, Bibi amekitengeneza mdomoni kwa ajili ya pilipili.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Nilimweleza Baba mdogo tukiwa nyuma ya nyumba kwenye pete zake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza kama dawa imebaki. Nikasema kidogo. Akasema hiyo inatosha, maana maneno ya mtoto wa shule na bibi yake hayatamtosha bwana afya, lakini ulimi wa mtu mzima ambaye hajagusa maji ya kisima tangu kifungwe utamtosha. Mwalimu alipata habari akasema si vibaya, mradi afuate kipimo cha kwenye chupa na asiwe na mzio. Baba mdogo anakunywa tangu leo. Anasema ina ladha ya chaki iliyolowekwa kwenye peremende.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Bwana afya alikuja na mwavuli wake. Mwalimu naye alikuja, kwa miguu, kwenye tope, na viatu vyake vya darasani. Alimwambia bwana afya mbele yetu wote, na mbele ya dirisha la Redio, kwamba neno risasi lilitoka kwake, alilisema kabla ya kupima, na vipimo vimelikataa. Alitoa jiwe, mshumaa, uzi na mizani, akarudia yote kwenye meza ya jikoni.

Kisha Baba mdogo akasogea, akamtolea bwana afya ulimi.

Ulikuwa mweusi ti. Bwana afya alirudi nyuma mpaka kwenye rafu ya vyombo. Bibi akatoa wake, ambao sasa umeanza kupauka, ukawa wa kijivu, akasimama bega kwa bega na mwanawe kama watoto wanaopimwa urefu. Mama akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Ilibidi Bibi aieleze chupa, na chupa ikaileta pilipili, na dirishani cherehani ya Redio ikaanza kushona kwa kasi sana.

Bwana afya aliinama, akasoma karatasi ya chupa, akaandika. Halafu akasema jambo ambalo sikulipenda lakini naona ni la haki. Alisema: sawa, jiwe si risasi, na ulimi si sumu. Lakini hayo hayasemi maji ni salama. Akamgeukia mwalimu akamwuliza kama mishipa ya namna hii haiwezi kubeba kitu kingine. Nilijua mwalimu angeweza kusema hapana, tungefurahi. Akasema inaweza. Kitabu kinasema madini yenye aseniki, ambayo ni sumu kweli, hupenda kukaa karibu na hili, nayo haionekani, haina harufu, haina ladha majini.

Basi tumekubaliana hivi: Baba mdogo ashuke, aweke pete, kisima kisife. Lakini kifunikwe, asinywe mtu, mpaka maji yapimwe kwenye maabara ya kweli, nami nikataja yako. Bwana afya aling'oa msumari wake mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 13 Aprili

Pete mbili zimeshuka. Mama ameshika kamba.

Jumanne, tarehe 16 Aprili

Mvua imetuzuia. Baba mdogo amekaa ukingoni amevaa mfuko wa saruji kama koti.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Pete tatu. Muuza mkaa amesaidia kuvuta, bila kuombwa. Aliniuliza kwa utani kama bado tuna silaha. Redio ameshona kitambaa cha kuchujia maji, akakileta mwenyewe, akasema si kwa sababu ya lolote.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Usiku mvua ilikuwa kubwa kuliko zote. Asubuhi banda la kuku lilikuwa limelala chini. Kisima kilikuwa wima.

Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Pete ya mwisho imewekwa leo saa za jioni, na mfuniko wa zege juu yake, wenye pete ya chuma ya kushikia ambayo Baba mdogo ameichomelea mwenyewe. Alikwenda kuazima mashine kwa yule fundi aliyekuwa akimfundisha kuchomelea kabla hajamtoroka. Amezungusha saruji ukingoni, akailainisha kwa mwiko, kisha kwa kiganja, kisha akarudi akailainisha tena mahali ambapo palikuwa laini. Mama alimwita ale. Alimwita kwa jina lake, lile la cheti cha kuzaliwa. Sote tuligeuka, hata yeye, kama aliyesikia anaitwa mtu mwingine.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Baba alirudi safari jana, na kesho alfajiri anaondoka kuja huko kwako. Kwa hiyo haya ni ya mwisho na naandika haraka.

Ndani ya kifurushi kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni daftari hili. Cha pili ni jiwe, nimelifunga kwenye soksi yangu safi. Tafadhali lipime kwa mashine zenu za maabara, nione kama sita na pointi sita yetu ilikuwa karibu. Mwalimu anasema likithibitika ataliweka kwenye kabati la shule na karatasi yenye jina la aliyelichimba. Cha tatu ndicho kikubwa: chupa mbili za maji ya kisima, uyapime kama yana aseniki. Bwana afya alizichemsha chupa kwanza, akateka mwenyewe, akaziba, akaandika tarehe. Baba amekatazwa kuziweka karibu na injini.

Bibi hajambo. Ulimi wake ni mwekundu, na anakula chakula kisicho na pilipili huku akitutazama mmoja mmoja kama mahakimu. Leo mchana, Baba mdogo alipokuwa anaosha mwiko, Bibi alimwambia mbele yetu, "Nusu yako umemaliza. Nusu iliyobaki iko kwa dada yako." Baba mdogo alitabasamu, lakini baadaye nilimwona amekaa karibu na mfuniko, ameweka mkono juu yake.

Baba atapumzika huko siku moja tu kabla ya kugeuza lori. Usisubiri kuandika barua ndefu. Mpe jibu lolote, hata kwenye kipande cha karatasi, hata neno moja, nami sitalipeleka uani mpaka nimelisoma mara mbili. Kikombe cha bluu Bibi amekwisha kukiosha. Amekiweka juu ya mfuniko wa kisima, kimetazama juu, na mvua inadondokea ndani.

Shangazi, nimjazie?